Mkono Usiojua Kwamba Tupo

Leo tufikiri pamoja juu ya kuamini.

Mnamo tarehe 25 Januari 1979, katika kiwanda cha magari huko Michigan, Marekani, mfanyakazi wa miaka 25 alipanda rafuni kuchukua vyuma. Mkono wa roboti ukampiga, akafa. Roboti haikumchukia. Haikujua kwamba yupo.

Siku hizi ziko roboti zinazofanya kazi bega kwa bega na watu bila uzio. Zikimgusa mtu, husimama. Hilo ni jema. Lakini roboti ikiwa imeshika kisu, kusimama baada ya kugusa ni kuchelewa. Kwa hiyo wenye busara hupima kwanza mwendo wake, nguvu zake na chombo ilichoshika.

Basi tunapoiamini mashine, tunamwamini nani? Tunamwamini yule aliyeipima. Chuma hakina dhamiri. Mwenye dhamiri ni mtu. Ndugu unayeongeza mwendo ili kazi iishe mapema, uhai wa mwenzako umo mikononi mwako. Nawe unayesimama kando ya mashine, usione haya kuuliza kama imepimwa.

Mungu atusaidie sote tuwe watu wa kuaminiwa. Amina.