Msamiati wa Ladha katika Kiswahili: Mfano wa Pombe Kali

Uhakiki wa pombe kali, mathalani wiski ya nafaka iitwayo rai, unahitaji msamiati unaotenganisha hisi. Kwa mujibu wa kanuni za Marekani, angalau asilimia 51 ya nafaka za wiski hiyo huwa rai, na kinywaji huhifadhiwa katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani. Mhakiki hueleza rangi, harufu, ladha, na kile kinachobaki kinywani baada ya kumeza. Je, Kiswahili kinaimudu kazi hiyo?

Wapo wanaodhani hakiimudu, kwa kuwa kivumishi -kali hubebeshwa mzigo wote: jua kali, kisu kikali, siki kali, pombe kali. Hata hivyo, jikoni wasemaji hutenganisha mambo kwa uangalifu. Pilipili manga huwasha, moto huchoma, maziwa yaliyolala huwa machachu, ndizi mbichi huacha ukakasi, mchuzi usiokolea huwa dufu. Kwa maneno hayo, mhakiki anaweza kusema kwamba wiski ya rai huwasha kama pilipili manga, kileo chake huchoma koo, na mwaloni huacha ukakasi. Hivyo -kali moja imegawanyika katika hisi tatu.

Kwa nini basi msamiati huo hautumiki kwa pombe? Mfano mzuri ni Bweri, kata ya Manispaa ya Musoma, ambako Kiswahili huwaunganisha wasemaji wa Kijita, Kikwaya, Kikurya, Kizanaki na Kiluo. Mkoani Mara pombe za jadi hutengenezwa kwa mtama na ulezi. Pombe inayokenekwa kwa siri huitwa gongo nchini Tanzania, na sheria ya mwaka 1966 iliitambua kwa jina la moshi. Moshi hudokeza njia ya utengenezaji. Gongo, ambalo pia ni fimbo nene, hudokeza kishindo. Hakuna jina kati ya hayo linalotaja ladha. Kinachonywewa kwa kificho hakijadiliwi hadharani, na kisichojadiliwa hakijengi istilahi. Upungufu, kwa hiyo, umo katika matumizi, wala haumo katika lugha.

Suala hili si la anasa. Mnywaji anaposifu pombe kwa kuiita kali, hutumia kivumishi kilekile cha sumu kali. Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walifariki nchini Kenya, hasa jijini Nairobi, kwa kunywa pombe iliyochanganyika na methanoli. Ulimi hauwezi kuitambua methanoli kwa uhakika ndani ya pombe. Kazi hiyo ni ya maabara. Istilahi bora za ladha, basi, zina faida mbili: humwezesha mhakiki kueleza kwa usahihi anachokionja, na humfundisha msomaji kwamba ukali si kipimo cha ubora, wala utamu si ushahidi wa usalama.