Kasuku Arukaye Ndani ya Nyumba na Usafi wa Kinyesi Chake
Maelezo yaliyotolewa kwa wananchi wa Kisaki, Mkoa wa Morogoro



Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya kinyesi cha kasuku. Tunajua wapo waliocheka walipoisikia mada hii, nasi hatuwalaumu. Hata hivyo, mwenye ndege anayeachwa huru sebuleni, akapanda kenchi, akashuka juu ya kabati na kumalizia safari yake ukingoni mwa sufuria ya wali, anajua kuwa jambo hili lina uzito. Katika nyumba hiyo hiyo hulala mtoto mchanga, hukohoa bibi mzee, na maji ya kunywa hukaa mtungini.

Kabla ya usafi, neno moja kuhusu ununuzi. Kisaki inapakana na pori kubwa ambalo tangu mwaka 2019 sehemu yake imekuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na humo wamo kasuku wa kijani wenye vichwa vya rangi ya kahawia. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kukamata mnyama wala ndege wa porini bila kibali. Anayekuletea kinda la kasuku ndani ya kikapu, akakuuzia kwa bei ya kuku wawili, anakuuzia pia kesi. Muulize karatasi zake. Akisitasita, mwache aende zake. Ofisi kuu ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania iko hapo Morogoro mjini, na swali la kibali huulizwa huko kabla ya fedha kutoka mfukoni. Yule kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, asifiwaye kwa kusema, si ndege wa mwambao huu. Asili yake ni misitu ya Kongo na nchi za magharibi ya Afrika, na mwaka 2016, katika mkutano wa Johannesburg, nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilikubaliana kukomesha biashara ya kimataifa ya kasuku hao watokao porini.

Sasa tuje kwenye kinyesi chenyewe. Ndege hana kibofu cha mkojo. Kwa hiyo vyote hutoka kwa pamoja: kamba ndogo ya kijani, ambayo ni mabaki ya chakula, utando mweupe mzito, ambao ni mkojo mkavu, na maji kidogo yasiyo na rangi. Kasuku wa ukubwa wa wastani hufanya hivyo kila baada ya dakika 15 hadi 30 akiwa macho. Akiamka alfajiri na kulala magharibi, hesabu yake ni kati ya mara 24 na 48 kwa siku. Kumkemea kiumbe wa namna hiyo ni kazi bure. Tena ukimpigia kelele anaweza kudhani unacheza naye, akarudia.

Kinachosaidia ni kumjua. Kasuku huzuia haja usiku, na asubuhi hutoa fungu kubwa kuliko yote ya siku. Huenda haja pia punde baada ya kula, na mara nyingi sekunde chache kabla ya kuruka, kwa kuwa mwili mwepesi huruka vyema. Atakapotaka kwenda haja hurudi nyuma hatua moja, huinua mkia na kuchuchumaa kidogo. Mwenye nyumba aliyeziona dalili hizo kwa siku tatu au nne tayari ameipata nusu ya dawa.

Nusu iliyobaki ni mahali. Chagueni pembe moja ya chumba, mbali na jiko, mbali na kitanda na mbali na mtungi wa maji. Simamisheni hapo tawi kavu, kwa mfano la mpera, lenye unene ambao kucha za ndege zitalizunguka vyema, na chini yake tandikeni magazeti ya zamani au maboksi yaliyokunjuliwa. Asubuhi, kabla hajaruhusiwa kuruka, mwekeni juu ya tawi hilo na mngojeni. Akishajisaidia, msifuni kwa sauti ya furaha, mpeni punje ya karanga, ndipo aende zake. Rudieni kila baada ya kula, na kila ipitapo robo saa mkiwa naye. Baada ya majuma kadhaa kasuku wengi hulirudia tawi wenyewe. Si wote, na hata aliyefundishika atakosea. Jambo moja tunalikataza: msimfundishe kujizuia mpaka apewe amri. Wako waliofanya hivyo kwa majivuno mbele ya wageni, na ndege akadhurika ndani kwa kushikilia haja siku ambayo mwenyewe alisafiri.

Wakati wa kupika na wakati wa kula ndege awe ndani ya tundu. Hapa hatuna nafasi ya kubembelezana. Sufuria ifunikwe, chakula kilichopakuliwa kiwekewe kawa, na kata ya kuchotea maji isiachwe wazi, kwa maana kinyesi cha ndege huweza kubeba vijidudu viletavyo kuhara. Jiko lenyewe ni hatari kwake pia: moshi wa kuni humdhuru haraka kuliko umdhuruvyo mtu, na kikaango kisichonata kikisahauliwa motoni kikiwa kitupu hutoa hewa inayoweza kumuua kwa dakika chache. Na kwa kuwa tumetaja jikoni, parachichi, ambalo milima ya Uluguru hutujalia, asipewe kabisa; ni sumu kwake.

Katika kusafisha, kosa lililoenea ni ufagio. Kinyesi kilichokauka kikifagiliwa huwa vumbi, na vumbi hilo ndilo linaloingia mapafuni. Kilowesheni kwanza kwa maji ya sabuni, subirini dakika tano kilainike, kisha kifuteni kwa karatasi au kitambaa ambacho hakitatumika kwa kazi nyingine. Kilicho kibichi kwenye mbao iliyopakwa vanishi kiondolewe mara moja, maana ule weupe wake hula rangi. Kwenye sakafu ya udongo, ambayo haikubali kulowana, mwagieni maji kidogo tu na kukwangua tabaka la juu kwa jembe dogo. Huko ndiko magazeti chini ya tawi yanapoleta nafuu kubwa, na kuokoa maji yaliyotekwa kwa taabu. Taka zote zitupwe shimoni na kufukiwa. Msizimwage mbichi kwenye bustani ya mchicha au nyanya.

Klorini ya kufulia ina kazi yake, lakini baada ya sabuni, si badala yake. Uchafu ukiwepo, nguvu yake hupotea. Sehemu moja ya klorini kwa sehemu 30 za maji inatosha kwa tundu na sakafu, ndege akiwa nje ya chumba mpaka pakauke. Isichanganywe na siki wala na dawa nyingine ya usafi, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu. Hapa tunasema kama washauri wa mnunuzi: msinunue klorini iliyomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa isiyo na lebo. Hamtajua nguvu yake, wala imekaa juani muda gani, na mtoto mwenye kiu hatasoma kitu ambacho hakikuandikwa. Tafuteni chupa yenye jina la mtengenezaji, tarehe ya mwisho wa matumizi na alama ya TBS. Vilevile, ule unga wa antibiotiki uuzwao dukani kwa ajili ya kuku usitiwe katika maji ya kasuku kwa kubahatisha. Utaficha ugonjwa bila kuuponya.

Ugonjwa tunaouogopa zaidi una jina linalotokana na kasuku wenyewe, ingawa njiwa na bata pia huubeba. Wataalamu huuita sitakosisi. Kati ya mwaka 1929 na 1930 ulienea Marekani na Ulaya kwa njia ya kasuku waliosafirishwa kutoka Amerika ya Kusini, na watu wakafa. Ndege mgonjwa huvimbisha manyoya, hukataa chakula, hutoa maji puani, na ule weupe wa kinyesi chake hugeuka njano au kijani. Rangi ikibadilika kwa siku moja baada ya kula papai, msiwe na wasiwasi. Ikidumu siku mbili, mtengeni ndege na mwiteni mtaalamu wa mifugo. Wako wa kuulizwa hata katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Wasio na kasuku wasidhani wameachwa nje ya mazungumzo haya. Kuku wanaolazwa jikoni kwa hofu ya wezi na vicheche huacha kinyesi kingi kuliko kasuku yeyote, na kanuni ya kulowesha kabla ya kufagia inawahusu vilevile.

Kwa binadamu sitakosisi huanza kwa kawaida siku 5 hadi 14 baada ya kuvuta vumbi: homa, baridi, kichwa kuuma sana, maumivu ya misuli, kisha kikohozi kikavu. Mgonjwa wa namna hiyo hapa kwetu hupimwa malaria kwanza, na ni haki. Lakini kipimo kikionyesha hakuna malaria, mganga hawezi kukisia kuwa nyumbani kuna ndege anayeruka juu ya vitanda. Dawa ipo, nayo ni ya jamii ya tetrasaiklini, ila wajawazito na watoto wadogo huchaguliwa nyingine. Mwambieni mganga mapema, kabla hajauliza, kwamba mnaishi na kasuku, njiwa au kuku ndani, na kwamba juma lililopita mlifagia kinyesi chao.