Picha ya Kiwanjani na Heshima ya Uongozi

(Ifuatayo ni hotuba fupi kwa walimu na watumishi wa umma, Lushoto.)



Katika milima yetu ya Usambara, uwanja tambarare ni mali adimu. Palipo tambarare pana kabichi, viazi au nyumba ya mtu. Ndiyo maana kiongozi anapofika Soni au Mlalo, akaupiga mpira teke la kwanza na kupigwa picha, sisi hufurahi. Furaha hiyo si kosa. Lakini yatupasa kujiuliza: picha ile inatuambia nini, na inanyamazia nini?

Tuanze na jirani. Idi Amin alikuwa bingwa wa kweli wa ngumi nchini Uganda katika miaka ya 1950. Baada ya kutwaa madaraka mwaka 1971, alipenda kupigwa picha akicheza mpira wa kikapu na akiogelea. Filamu ya Barbet Schroeder ya mwaka 1974 inamwonyesha akishindana kuogelea huku akiwakatia njia wenzake. Nani angethubutu kumpita? Majeshi yake yalipoivamia ardhi yetu kaskazini ya mto Kagera mwaka 1978, alitaka ugomvi uamuliwe ulingoni baina yake na Mwalimu Nyerere, Muhammad Ali awe mwamuzi. Raia walikuwa wakiuawa. Yeye alitaka dunia itazame ngumi.

Si kila picha ni hila. Mwaka 2015, afya ya wagombea ilipokuwa gumzo la kampeni, Ndugu John Magufuli alipiga pushapu jukwaani. Swali lilikuwapo, naye alilijibu kwa mwili wake. Hata hivyo, mikono yenye nguvu haielezi lolote juu ya bei ya kabichi wala upungufu wa madawati. Hayo huelezwa kwa sera na hupimwa kwa matendo.

Ndugu walimu, picha ya namna hiyo ikitokea gazetini, ipelekeni darasani. Waulizeni wanafunzi: nani ameachwa nje ya picha? Gari lilipoondoka, mpira ulibaki? Nasi watumishi, tusiwasimamishe watoto katika baridi tangu alfajiri ili picha ipendeze. Taarifa zetu zitaje kiwanja kilichosawazishwa na nyavu zilizonunuliwa. Kiongozi anayestahili sifa hatapungukiwa na kitu kwa maswali hayo. Asiyestahili ndiye atakayeyaogopa.