Ubao Uliowachanganya Watu
(Maneno ya kamati ya nyumba ya sanaa katika mkutano wa mwaka)

Tumepewa dakika chache tueleze hali ya nyumba yetu ya sanaa. Tuseme ukweli: nusura tuifunge.

Litungu lilikuwepo, na mzee wa kulipiga alikuwepo. Vibuyu, vigoda vya mafundi wa Tarime, viatu virefu vya mbao vya wachezaji ngoma, vyote vilipangwa vizuri. Watu ndio hawakuwepo. Magari ya watalii yaliyotoka Mugumu kwenda lango la Fort Ikoma yalitupita, na watoto wetu wenyewe walidhani pale ni ofisi. Kosa lilikuwa letu. Ubao wetu uliandikwa "Kituo cha Maendeleo ya Sanaa na Utamaduni", na waliosimama waliuliza mikopo inatolewa lini!

Wapo walioshauri tujitangaze mtandaoni. Hatukatai, lakini bando huisha, na wazee wengi wa vijijini hawana simu ya kupangusa. Tukaupaka ubao upya. Tulichora litungu kubwa, na chini yake tukaandika: LITUNGU LINAPIGWA KILA JUMAMOSI SAA 9 ALASIRI. Basi. Kisha tukauchora upande wa pili pia, maana mwanzoni ulisomwa na anayetoka mbugani tu, ambaye fedha zake zimekwisha.

Kuhusu siku, tuliwaiga majirani zetu Wasukuma. Pale Bujora, Kisesa, ngoma za Bulabo huchezwa kila mwaka mwezi wa 6, wakati wa sikukuu ya Ekaristi, na Bagika hushindana na Bagalu. Siku ikishajulikana hivyo, inajitangaza yenyewe. Nasi tuliapa kutoruka Jumamosi hata moja. Kuna Jumamosi mvua ilinyesha wakaja watu watatu tu. Mzee akapiga vilevile, kama anapigia harusi. Mmoja wa wale watatu alikuwa kondakta wa basi la Tarime. Tangu hapo abiria wanashuka mlangoni kwetu wakisema, "Konda ametuambia." Hatujawahi kumlipa, isipokuwa chai.

Lakini jambo linalotuuma zaidi ni majina. Kigoda kinatoka Tarime, kinapita mikono mitatu, kinauzwa Arusha kwa jina la kabila lingine. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alichora kwenye hadibodi kwa rangi za mafuta za kawaida, na picha zake ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oyster Bay, mahali ambapo wageni walikwenda kununua mahitaji yao. Aliandika jina lake kwenye kazi zake. Alifariki mwaka 1972, na hadi leo aina ile ya uchoraji inaitwa kwa jina lake. Sisi ng'ombe tunawatia alama, mura, kigoda kwa nini kisitiwe? Sasa kila kigoda kinachotoka kwetu kinachomwa kwa chuma cha moto chini ya kiti: jina la fundi na kijiji chake. Tayari mnunuzi mmoja amerudi akimtafuta fundi kwa jina, akaagiza vingine sita.

Tunachoomba leo si kikubwa. Bati za kibaraza, ili mvua isiwafukuze wasikilizaji. Rangi na mbao za ubao mmoja stendi ya Tarime na mwingine Sirari. Fedha ya kukodi kipaza sauti siku za mnada. Na nauli ya mzee, ambaye mpaka sasa anajilipia mwenyewe.

Mzee huyo ni mmoja tu, na miaka yake imekwenda. Fomu za ahadi ziko mezani kwa mweka hazina. Mwenye kijana anayetaka kujifunza litungu aandike jina la kijana huyo nyuma ya fomu, hata kama upande wa mbele hana cha kuandika.