Tusiziache Hesabu za Kichwa

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa ukoo wetu, Maryland)



  Niliitumikia serikali nyumbani kwa miaka mingi kabla ya kuhamia huku, na mtumishi wa zamani haachi kupenda hesabu. Leo nitazungumzia hesabu za kichwa, zile zifanywazo bila karatasi wala mashine, ambazo naona zinatutoka.

Nyumbani hesabu hizi hazikuwa somo la darasani tu. Mama aliyekwenda sokoni alijua kwamba vibaba vinne ni pishi moja, na bei ya kibaba aliipata kabla mwuzaji hajaitamka. Wazee barazani walicheza bao lenye mashimo 32 na kete 64, nao waliona kete ya mwisho itaangukia wapi kabla ya kuinua mkono. Wengi wao hawakuingia shule.

Leo simu hufanya yote. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, fedha nyingi ziliacha kupita vidoleni mwetu. Sisi tulio huku twatuma msaada kwa kubonyeza. Kiwango cha kubadilishia fedha, ada na jumla hutokea kwenye kioo, nasi twakubali. Neema hiyo siikatai. Lakini ni wangapi kati yetu hukadiria kwanza mgonjwa wetu atapokea shilingi ngapi?

Shuleni nako mambo yalibadilika. Mwaka 1980 Baraza la Taifa la Walimu wa Hisabati, ambalo kwa miaka mingi makao yake yalikuwa hapa jirani Reston, Virginia, lilipendekeza vikokotoo na kompyuta vitumike ipasavyo katika madarasa yote. Baraza hilohilo lilihesabu ukadiriaji kuwa miongoni mwa stadi za msingi. Mashine tuliipokea kwa mikono miwili. Ukadiriaji tukausahau mlangoni.

Ndugu zangu, katika eneo hili tunaloishi aliwahi kuishi Mwafrika ambaye kila mtoto wetu angepaswa kumjua. Jina lake ni Thomas Fuller. Aliletwa kutoka Afrika Magharibi mwaka 1724 akiwa na umri wa miaka 14, akatumikishwa utumwani karibu na Alexandria, Virginia, mpaka alipofariki mwaka 1790. Hakujua kusoma wala kuandika. Katika uzee wake wageni kutoka Pennsylvania walikwenda kumjaribu, na habari zake zikaandikwa na daktari Benjamin Rush, aliyepinga utumwa.

Walimwuliza mwaka mmoja na nusu una sekunde ngapi. Kwa muda wa dakika mbili hivi akajibu: 47,304,000. Wakamwuliza mtu mwenye umri wa miaka 70, siku 17 na saa 12 ameishi sekunde ngapi. Akajibu: 2,210,500,800. Mmoja wa wageni, aliyekuwa akikokotoa kwa kalamu, akasema jibu limezidi. Fuller akamkumbusha kuwa amesahau miaka mirefu, ile yenye siku 366. Mgeni alipoiongeza, hesabu zikalingana.

Nawaomba mlitafakari jambo hilo. Mtumwa asiyekuwa na haki hata juu ya mwili wake alimsahihisha bwana mwenye kalamu, na bwana akakubali. Wepesi wake ulikuwa wa ajabu, lakini mimi nastaajabia zaidi kwamba alilijua jibu lake na kulisimamia. Asiyeweza kukadiria hana njia ya kusema, “Hapana, hapa pana kosa.” Huamini anachoambiwa, na anayeamini kila anachoambiwa ni rahisi kudhulumiwa.

Jambo hili lauhusu Umoja wetu. Tuseme familia 28 zimechanga dola 45 kila moja kwa ajili ya msiba. Mara 28 kwa 50 ni 1,400. Toa 28 mara 5, yaani 140. Jibu ni 1,260. Mweka hazina akisoma 1,620 kwa bahati mbaya, atamsahihisha nani ikiwa sote tumezoea kungoja mashine? Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Daftari nalo lataka wasomaji wanaojua kuhesabu.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, hesabu za michango zisomwe polepole mkutanoni, na vijana wazijumlishe kwa kichwa kabla hazijapitishwa. Pili, mtoto anayetaka kumpigia bibi yake Dar es Salaam atafute saa mwenyewe. Wakati wa kiangazi twaongeza saa saba: huku ikiwa saa kumi jioni, kule ni saa tano usiku, na bibi amekwisha kulala. Kipupwe twaongeza nane. Tatu, mkutano ujao liletwe bao, wazee wawafundishe wajukuu.

Simu zetu tubaki nazo. Ila jibu la mashine tulipokee kama shahidi, tusilipokee kama hakimu.

Mungu aubariki ukoo wetu, wa huku na wa nyumbani.