Programu Huria na Akiba ya Duka

Nimeombwa nizungumze juu ya gharama za kompyuta katika biashara zetu.

Wengi wetu hapa Nachingwea na Ruangwa tuna steshenari, ghala la ufuta au tunatumikia chama cha ushirika. Kompyuta ipo, lakini mara nyingi Windows iliyomo ni ya kunakili. Nakala hiyo si ya bure. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda programu za kompyuta, na nakala za namna hiyo mara nyingi huja na virusi. Tena, tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza kipindi cha kawaida cha kuihudumia Windows 10, na mashine nyingi kuukuu hazikidhi masharti ya Windows 11.

Njia nyingine ipo. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland, alianzisha Linux, na baadaye akaiachia watu wote waitumie na kuirekebisha bila kulipia leseni. Hapa nchini, mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi kwa Kiswahili.

Lakini ndugu zangu, programu ya bure nayo inataka fundi. Sote tumesimuliwa mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951. Matrekta yaliletwa, mafundi na vipuri havikutosha. Hata jiji la Munich, Ujerumani, lililohamishia maelfu ya kompyuta zake kwenye Linux, liliamua mwaka 2017 kurudi Windows, baada ya malalamiko ya watumishi na mabishano ya madiwani.

Kwa hiyo nashauri hivi. Hifadhini kwanza nakala ya kumbukumbu zenu zote. Anzeni na mashine moja tu. Hakikisheni printa na programu ya hesabu zinakubali. Kisha sehemu ya fedha ya leseni imlipe kijana wa kuitunza.

Nanyi wanafunzi, kijana huyo na atoke miongoni mwenu. Jifunzeni Linux, ili mwenye duka wa Ruangwa asisafirishe kompyuta hadi Mtwara kwa hitilafu ya nusu saa. Nauli hiyo ingemaliza akiba yote.