Mahindi Juani, Mboga Kivulini

Kwetu Maposeni, kama sehemu nyingine za Songea, mvua zikikatika kuelekea mwezi Mei, kina mama huanza kuanika majani ya kunde na ya maboga, yawe akiba ya kiangazi. Kazi nzuri hiyo. Ila wengi tunayaanika kwenye jua kali pamoja na mahindi, na hapo tunapata hasara tusiyoiona.

Jua hutuletea miali ya aina nyingi. Yote ni mawimbi, na angani hukimbia kilomita 300,000 hivi kwa sekunde moja. Macho yetu huona sehemu ndogo tu, ile ya upinde wa mvua, toka nyekundu mpaka zambarau. Kabla ya nyekundu kuna miali ya joto. Huioni, lakini ngozi inaisikia. Baada ya zambarau kuna miali mikali inayochoma ngozi; nayo huioni. Hata mawimbi yanayoleta sauti ya redio nyumbani kwako ni ya ukoo huo huo, ila ni marefu zaidi.

Sasa, mahindi yanataka joto. Yaanike juani juu ya turubai mpaka unyevu usizidi asilimia 13. Yakibaki mabichi yataota ukungu, na ukungu mwingine una sumu.

Mboga ni habari nyingine. Jani likiwa shambani hutumia mwanga kujitengenezea chakula. Likishachumwa, mwanga ule ule, pamoja na ile miali mikali, hulibomoa. Kanga inayoanikwa juani kila siku si inapauka? Na mboga ni hivyo hivyo. Kinachopotea humo ni kile ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Na jicho likikosa vitamini A haliwezi kupokea mwanga hafifu. Mtoto mchana anaona, jioni anajikwaa. Akizidi kuikosa anaweza kupofuka kabisa.

Basi fanyeni hivi. Chuma majani mabichi, yaoshe. Yatie katika maji yanayochemka kwa dakika 2 au 3, uyachuje. Yatandaze yasipandane, kwenye kichanja chini ya paa, mahali penye upepo. Upepo utayakausha. Yakivunjika mkononi, yatie katika debe au chombo chenye kifuniko, ukiweke penye giza. Wakati wa kupika, tia karanga au mafuta kidogo, maana vitamini A huingia mwilini vizuri ikiwa na mafuta.

Mwenye mtoto anayejikwaa jioni asingoje mboga zikauke. Ampeleke zahanati leo.

Kivuli hakiuzwi dukani, ndugu. Paa la jiko unalo tayari. Mwaka huu hamishia mboga huko.